Vidole vya Mama

Michenzani, Unguja
Ijumaa, baada ya Alasiri

Kwa dada yangu Radhiya,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo dada.

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na huyo mgeni wa tumboni, na miguu iwe imepungua kuvimba. Sisi huku tunashukuru. Khamisa ameota meno mawili ya chini na kazi yake ni kuning'ata kila akinyonya, kwa hiyo ukiona mwandiko wangu unapanda na kushuka ujue nnaandika kwa mkono mmoja na yeye yuko kwenye mkono wa pili. Baba yake yuko Paje, hoteli imejaa wageni wa kurushwa na yale matiara ya baharini, hana ruhusa mpaka mwisho wa mwezi. Maji hapa ghorofani hayapandi tena, nnateka chini na kupanda nayo ngazi. Nimechoka, lakini si uchovu wa kuugua. Salamu za Mama utazipata mwishoni, zina mahala pake.

Utashangaa kupata barua na simu zipo. Nimefikiri sana. Wewe mwenyewe uliniambia kuwa Anuar anaijua namba ya siri ya simu yako, na kwamba mama yake anakaa sebuleni siku nzima akisikiliza kila kinachosemwa humo ndani. Na mimi huku, dada, nyumba ni vyumba viwili. Ukituma sauti, tunaisikia sote. Ile ya Jumatatu tuliisikia sote. Niliifungua nikiwa jikoni nikidhani unauliza hali ya Mama. Ukasema mimi ni hasidi, tangu skuli nilikuwa hasidi. Ukasema kwanza nilimwachia Mama akapakwa piko jeusi vidoleni, nilipoona piko limefutika nikamchoma, ili asiione Uingereza abaki kunifulia nepi. Ukasema mwanamke asiyevuka Mtoni hawezi kufurahi mwenzake akivuka bahari. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka. Sichana alikuwa akifanya hesabu zake za skuli. Aliinuka, akaenda kuufunga mlango wa mbele ili majirani wasisikie, akarudi akaendelea na hesabu.

Ndiyo maana nimeandika. Barua na mzigo anavibeba Bashira wa Chukwani, anakwenda kwa mumewe na nyumba yao haiko mbali na yenu. Nimemwambia akukabidhi mkononi, Anuar akiwa kazini. Isome peke yako, kisha fanya utakavyo.

Nianze tangu mwanzo, maana naona wewe una vipande vipande tu.

Uliposema unataka Mama aje kukuzalisha, nilifurahi kweli. Sikuwa na husuda hata chembe. Mimi nilimzaa Khamisa Mama akiwa pembeni yangu, akanikanda, akanifunga tumbo, akaniogeshea mtoto arubaini nzima, na najua mzazi asiye na mama yake anavyokuwa. Nikasema dada yangu yuko kwenye baridi na mama mkwe, naye amuone mama yake. Nikamchukua Khamisa begani tukaenda kwenye pasipoti. Mpiga picha akamwambia Mama asicheke. Mama akamjibu kwamba katika umri wake ameshakatazwa mambo mengi, lakini kucheka ni mara ya kwanza. Wakacheka wote na picha ikaharibika, ikabidi apigwe upya. Majirani walikuwa wakimwita Bi Mize wa Uingereza. Bi Duni wa ghorofa ya juu akamwambia akirudi asije akajitia kusahau Kiswahili, akaanza kutuombea maji kwa Kizungu. Mama akamwambia kwa maji haya, hata kwa Kichina hayatapanda.

Fomu tulijaziwa na Hija, yule mwenye duka la fotokopi Darajani. Hija ana maneno mengi lakini kazi yake anaijua. Akatwambia watu wa viza hawaogopi mtu anayeingia kwao, wanaogopa mtu asiyetoka. Kwa hiyo wanataka kujua Bi Mize ana kitu gani huku cha kumrudisha. Mama hakufikiri hata kidogo. Akasema ana mjukuu anayemlea, hana baba, na mama yake yuko mbali. Hija akapiga meza kwa furaha, akasema hiyo ndiyo kamba yenyewe, hapana kamba inayoshinda hiyo, tuiandike juu kabisa.

Nikakupigia nikiwa hapo hapo dukani ili uturuhusu. Unakumbuka ulivyopiga kelele? Hija aliisikia sauti yako akajitia kutafuta karatasi chini ya meza. Ukasema mwaliko kautoa Anuar, na Anuar atasoma kila mstari, na kama nnataka kukuvunjia ndoa niseme wazi. Ukaniambia niandike Sichana ni mtoto wangu. Nilipofikisha maneno hayo, Hija akanitazama, akaniuliza nina umri gani. Nikamwambia ishirini na mitano. Akaniuliza na mtoto je. Nikamwambia kumi na moja. Akasema Shahida, hawa Waingereza wana mambo yao, lakini hesabu za kutoa wanazijua. Nikakurudia kwenye simu, ukaniambia basi nijizidishe umri. Umri wangu uko kwenye cheti, dada, sikuweza kuuzidisha. Basi tukamwacha mtoto nje kabisa. Mama akatia saini kwamba hapana mtu duniani anayemtegemea. Kutoka pale mpaka nyumbani hakusema neno, na mimi nikadhani ni jua.

Sikulaumu kwa mwanzo wa jambo hili. Ulipoachana na Ayoub, baba yake Sichana, ulikuwa mdogo, na Ayoub, Mungu amrehemu, hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Ulipokwenda Muscat kufanya kazi, Sichana alikuwa na miaka minne, na sote tulikusindikiza. Ukafika Uingereza na matajiri zako, ukampata Anuar, ukamwambia hujawahi kuolewa kwa sababu yeye alitaka mwari. Tukanyamaza. Baba alinyamaza mpaka anakufa. Ulisema ni mpaka karatasi zako zitengemae, kisha utamwambia na utamchukua mwanao. Karatasi zikatengemaa. Sisi tukaendelea kunyamaza, na yeye Sichana tukamwambia mama anajenga nyumba ya kumwekea.

Kisha ikaja ile siku ya simu ya picha. Mchana wake ulimtumia Sichana sauti peke yake, ukamfundisha. Akanisikilizisha. Ulimwambia jioni Anuar atataka kumsalimia mkwewe, na yeye akionekana asiseme mama, aseme mama mkubwa, kwa sababu yeye kuanzia leo ni mtoto wa Shahida. Ukamwambia huo ni mchezo wa watu wakubwa, na akiucheza vizuri utamletea viatu.

Aliucheza vizuri. Alikoga, akavaa lile gauni la Idi, akasimama nyuma ya Mama mpaka Anuar akauliza yule ni nani. Ukacheka, ukasema huyo wa Shahida. Akasogea akasema shikamoo baba mkubwa, shikamoo mama mkubwa. Anuar akamsifu adabu. Akasema mbona kafanana na wewe hivi, mpaka pua. Ukasema sisi ukoo wetu wote uso mmoja kama mikate ya bakeri. Anuar akacheka. Mimi nilikuwa nimemshika Khamisa, nikamgeuzia ukutani ili nami niwe na sababu ya kutazama ukuta.

Simu ilipokatika Sichana akaniuliza swali moja tu. Akaniuliza kama utakuwa mama mkubwa kwenye simu peke yake, au hata siku watakapoonana. Nikamwambia akalale.

Jua kwamba mtoto huyu alidhani na yeye anakwenda. Hapana aliyemwambia anakwenda, alijipangia mwenyewe. Nilikuta sweta lake la skuli limekunjwa ndani ya begi la Mama, chini kabisa, chini ya kanga. Nikalitoa. Siku ya pili limo tena. Nikalitoa tena, na mara hii nikamwambia kwamba viza ni ya mtu mmoja. Akasema anajua, kaliweka ili bibi akisikia baridi alitie miguuni.

Ukampigia Mama peke yake, ukamweleza habari ya mama mkwe wako. Ukamwambia bibi yule mdadisi, atauliza, na jibu liwe kwamba wewe ni mzazi wa kwanza na hili ndilo tumbo lako la kwanza. Ukamwambia Sichana amwite mtoto wangu, asahau kwamba ni wako, na akija akufundishe mambo ya uzazi mbele ya bibi yule, kama mtu asiyejua kitu. Halafu ukamwapisha. Nilikuwepo. Nilimuona Mama ameweka mkono juu ya msahafu na simu iko kwenye mkono mwingine, anasema wallahi sitasema, wallahi nitakuja. Dada, unamjua Mama. Wewe ndiye wa kwanza wake. Tangu tuko wadogo ukitaka kipande chako na changu, ulipewa.

Wiki hiyo ndiyo akaomba piko. Tangu Baba afariki na kumaliza eda hajatia hina wala piko hata kwa Idi, kwa hiyo nyumba nzima ilifurahi. Bi Duni akasema Bi Mize karudi usichana, tumwangalie asije akaolewa huko na mzee wa Kizungu mwenye mbwa. Sichana ana mkono mzuri wa kupaka, maharusi wa mtaa huu wanamwita. Mimi nilikuwa chini nateka maji. Nilipopanda nilimkuta Mama amekaa, mikono juu ya mto, maua meusi yamepanda mpaka kwenye kifundo, na ncha za vidole vyote zimezamishwa piko kama zimechovywa wino. Karatasi ya ile ofisi ya kuchukua alama za vidole za viza iliyoko Dar es Salaam ilisema wazi kwamba ncha ziwe tupu, hapana hina, hapana rangi, hapana kidonda. Na aliyetusomea karatasi hiyo ni Sichana mwenyewe, maana Kizungu changu kiliishia darasa la kumi na mbili na hakikuwa kingi.

Tulisugua kwa ndimu, tukasugua kwa mchanga. Piko halitoki kwa ndimu. Tukapanda boti hivyo hivyo. Yule binti wa mashine alijitahidi, alimpangusa Mama kwa spiriti, akamwekesha vidole tena na tena, mwisho akasema haiwezekani, tuombe siku nyingine mpaka rangi iondoke. Mama akamwambia ahsante mwanangu, ahsante sana, Mungu akuweke. Kwenye boti ya kurudi alilala fofofo, kichwa begani kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikilia, nakufikiria wewe na tumbo lako.

Nilipofika nyumbani nilimpiga Sichana. Nilimzaba kibao cha uso mbele ya Mama, nikamwita mjinga, nikamwambia umesoma mwenyewe na ukapaka mwenyewe. Hakulia. Hakujitetea. Alimwangalia bibi yake tu. Mama alikuwa akivuta tasbihi, na hakuinua macho. Na wewe nilipokueleza ukaniambia kibao kimoja hakitoshi, na nimwambie kuwa amerithi akili za Ayoub. Nisamehe, sikumwambia. Lakini alikusikia, kama ninavyosema, nyumba ni vyumba viwili.

Tukapata siku nyingine. Piko likafifia, nikawa nnamkagua Mama vidole kila asubuhi kama mwalimu anayekagua kucha. Safari ikabaki kesho yake tu. Nilikuwa uani chini naanika nguo nikasikia harufu ikishuka kwenye ngazi, nikadhani kuna mtu kaunguza ngozi ya mbuzi. Nilipopanda nikamkuta Mama jikoni, mikono ndani ya beseni la maji. Chuma cha chapati kiko motoni. Akaniambia alikuwa anapika chapati za safari, akateleza, akaegemea chuma. Nikambeba hospitali huku Khamisa nimemwacha kwa Bi Duni analia. Muuguzi alimfunga mikono yote miwili, akaniuliza imekuwaje, nikamwambia kateleza. Nikakwambia na wewe kateleza. Niliamini, wallahi, niliamini mpaka Jumatatu.

Ukatuma ile sauti yako ya kuniambia nimemchoma. Nilikasirika, nikataka kukutumia picha uone kwamba si mimi, uone ajali ilivyokuwa. Siku hiyo ilikuwa ya kubadilisha bendeji. Nikazifungua, nikamweka Mama karibu na dirisha, nikashika simu nipige picha. Hapo ndipo nilipotazama vizuri. Viganja ni vizima, dada. Nyama ya kiganja haijaguswa na moto. Kilichoungua ni ncha, vidole vyote kumi, kila kimoja mahala pale pale, hata gumba la kulia na gumba la kushoto. Mtu akiteleza huangukia kiganja. Magumba mawili hayaungui kwa kuteleza. Magumba ni mpaka uyageuze mwenyewe uyashindilie. Na nikakumbuka kwamba siku ile jikoni palikuwa na chuma na moto, lakini hapakuwa na unga.

Nikaiweka simu chini. Nikamwuliza Mama unga ulikuwa wapi.

Akanieleza, na nakuandikia kama alivyosema bila kuongeza.

Alisema siku ile ya piko ni yeye aliyetaka ncha zizamishwe. Sichana alimkumbusha, akamwambia bibi, lakini karatasi imesema vidole viwe vitupu. Akamwambia paka. Mtoto akamwuliza tena, una hakika bibi, na yeye akamwambia paka mwanangu na usimwambie mtu, hata nikikuona unapigwa usiseme. Mtoto akapaka. Mtoto akapigwa. Hakusema. Mama anasema moto wa chuma haukumuuma kama kibao kile, kwa sababu chuma alikishika yeye na kibao alikipokea mtoto. Alidhani kwa piko peke yake muda utapita na wewe utajifungua, mambo yatakwisha hayo. Alipoona tumepata siku nyingine na bado hujajifungua, akangoja nishuke na nguo.

Nikamwuliza kwa nini hakusema tu kwamba hataki kwenda. Nilimfokea, dada. Nilimwambia mimi nina mtoto wa kunyonya na maji ya kupandisha na sasa nina mama wa kumlisha kwa kijiko na kumtawadhisha, kwa nini hukufungua mdomo. Akaniambia mdomo wake haujawahi kumkatalia Radhiya, na hauwezi kumkana Sichana. Alishaapa kwamba atakuja. Alijua akifika kwenu ataulizwa, na kwa ajili yako atajibu, atasema huna mtoto mwingine, na akishasema hivyo hatoweza kurudi hapa kumtazama yule aliyemlea. Basi akaona bora avinyime vidole njia, ili iwe si yeye aliyekataa. Alisema hivyo huku nikimpaka dawa, na hakutoa hata sauti ya maumivu.

Sichana alikuwa mlangoni. Sikumwona alipoingia. Nilimwita, akaitika naam, akasogea. Nilitaka kumwomba radhi nikashindwa, nikamshika ule upande wa uso. Akaniambia hakikuuma sana, Khala. Kilimuuma, nilimpiga kwa nguvu zangu zote.

Sasa nisikilize, na usinikate maneno kama unavyofanya kwenye simu.

Mama haji. Sitaomba siku ya tatu, na Hija nshamwambia azifunge zile karatasi. Utajifungua bila ya mama yako, na ninajua maana yake, na inaniuma, lakini ndivyo itakavyokuwa. Usimpigie Mama kumlilia, maana ukimlilia atakubali, na mimi sijui safari hii atajichoma wapi. Ukipiga, simu nitapokea mimi. Anuar sitamtafuta wala sitamwambia chochote. Hiyo kazi ni yako. Lakini akiniuliza yeye mwenyewe, mimi sisemi uongo tena. Nilisema mmoja dukani kwa Hija kwa kunyamaza, na umetutosha.

Tena kuna la Sichana. Juzi mwalimu wao mpya aliwataka watoto waseme majina ya mama zao, mmoja mmoja, wakiwa wamesimama. Alirudi akaniambia alisimama akakosa la kusema, wenzake wakacheka, mwalimu akamwambia aje nalo kesho. Akaniuliza aseme nani. Alikuwa amevua viatu mlangoni, amesimama hapo, hakuingia ndani mpaka apate jibu. Nikamwambia aseme Shahida. Akauliza, aseme kama mchezo au aseme kweli. Nikamwambia kweli. Jana alisema. Wewe ndiye uliyetaka awe mtoto wangu. Basi amekuwa. Usimtumie sauti, usimletee viatu. Akikua akitaka kukutafuta, sitamzuia, lakini mlango utafunguliwa na yeye.

Najua ukisoma hapa utasema mdogo wangu ana moyo wa jiwe. Huenda. Mimi nilikuwa nikikupenda mpaka nikawa nnavaa viatu vyako vilivyokwisha soli ili nitembee kama wewe, na ulipoondoka nililala na kanga yako wiki nzima. Bado nakupenda. Kila nikiamka kumnyonyesha Khamisa nnakuombea utoke salama, wewe na mtoto, na sitaacha kukuombea.

Kwenye mzigo kuna liwa ya kujipaka mwilini, karafuu kidogo, pilipili manga na mdalasini vya uji wako wa uzazi, na mafuta ya nazi niliyokamua mwenyewe. Pilipili usizidishe, maziwa yatamkera mtoto. Kanga mbili mpya ni zawadi yangu.

Na chini kabisa kuna salamu za Mama. Ni mkaja, kile kitambaa kirefu cheupe cha kufungia tumbo la mzazi. Si mpya. Ndio ule ule aliokufunga wewe humu chumbani ulipomzaa Sichana, bado una doa la liwa kwenye pindo, halikutoka mpaka leo. Alikuwa ameutia katika begi lake la safari, na begi lilipofunguliwa akasema uende wenyewe. Kwa mikono yake ilivyo hakuweza kuukunja, akamwomba Sichana. Mtoto akauliza ni wa nini, na Mama akamwambia wazi, huu ndio niliomfunga mama yako siku ulipokuja duniani. Sichana aliunusa. Kisha akaukunja vizuri, pindo kwa pindo, akautia mwenyewe ndani ya mzigo, na juu yake hakuweka sweta wala chochote.

Mama anasema haina haja ya yeye kuja kukufundisha unavyofungwa, kwa sababu ulishafungwa, unajua unaanzia wapi na unakazwa vipi. Na mama mkwe wako akikuona unajifunga mwenyewe, sawasawa, bila kuuliza mtu, akakuuliza umejulia wapi, Mama anasema jibu unalo.

Tusalimie Anuar. Bi Duni anakusalimu, na majirani wa ngazi yetu wote. Khamisa amelala sasa, na mimi nnakwenda kushuka na ndoo kabla foleni haijawa ndefu. Mungu akufungulie kwa wepesi.

Wasalaam,
mdogo wako,

Shahida
Mama Sichana na Khamisa